BB84 yenye mipigo ya chambo kwenye faiba ya kilomita 50: hesabu, vifaa na mahali mfumo unapovuja

#1 MwangaMdogo

Wakuu, habari za saa hizi. Mada ya kugawana funguo za siri kwa fizikia ya kwanta imeguswa juu juu kwenye nyuzi nyingi za hapa, na karibu kila mara inaishia kwenye "mdukuzi akichungulia fotoni anajulikana". Ni kweli, lakini haimsaidii anayetaka kujua kiungo chake kitatoa biti ngapi kwa sekunde, wala kwa nini kifaa kinaweza kuonyesha taa ya kijani huku siri inavuja. Naweka hapa hesabu nzima ya kiungo kimoja. Wenye uzoefu wa faiba na wa vigunduzi wakosoe.

Itifaki ni BB84, iliyowasilishwa na Charles Bennett na Gilles Brassard mjini Bangalore mwaka 1984. Asha anatuma, Bakari anapokea. Kati yao kuna faiba ya fotoni, na pembeni kuna mtandao wa kawaida ambao kila mtu anaweza kuusikiliza. Kwa kila mpigo wa leza, Asha anachagua kwa bahati nasibu biti na mhimili. Kwenye mhimili Z biti inaandikwa kwa polaraizesheni (mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga) ya nyuzi 0 au 90. Kwenye mhimili X ni 45 au 135. Bakari naye anachagua mhimili wake bila kujua wa Asha. Wakilingana, biti zinafanana. Wasipolingana, jibu la Bakari ni nusu kwa nusu na halifai kitu. Baadaye wanatangaziana mihimili, kamwe si biti, na wanachekecha: zilizolingana zinabaki, nyingine zinatupwa.

Mdukuzi anayepima kila fotoni na kutuma nyingine mahali pake atakosea mhimili mara moja kati ya mbili, na kila akikosea Bakari anapata biti mbaya mara moja kati ya mbili. Hiyo ni 25% ya makosa kwenye biti zilizochekechwa. Kiungo chenye afya kina 1% hadi 3%, kwa hiyo shambulio la namna hiyo haliwezi kujificha.

Tatizo la kwanza la kweli ni kwamba hatuna leza inayotoa fotoni moja moja. Tuna leza ya kawaida ya nanomita 1550 iliyofifishwa sana, na idadi ya fotoni katika kila mpigo inafuata mgawanyo wa Poisson. Kwa wastani wa fotoni 0.5 kwa mpigo, 60.7% ya mipigo ni mitupu, 30.3% ina fotoni moja, na 9.0% ina mbili au zaidi. Hiyo 9% ndiyo mlango. Mdukuzi anachukua fotoni moja, anaiacha ya pili ipite bila kuigusa, anasubiri mihimili itangazwe, kisha anapima yake sawasawa. Hakuna kosa hata moja linalotokea kwa Bakari. Akiweza pia kuzuia mipigo ya fotoni moja na kuyafidia mapungufu kwa faiba bora kuliko yako, anaondoka na ufunguo wote.

Dawa ni mipigo ya chambo, wazo la Won-Young Hwang mwaka 2003 lililokamilishwa mwaka 2005 na Lo, Ma na Chen kwa upande mmoja, na Wang kwa upande mwingine. Asha anabadilisha ukali wa mipigo bila mpangilio: 80% ina wastani wa 0.5, 15% ina 0.1, na 5% haina mwanga kabisa. Mpigo wenye fotoni mbili ni ule ule, uwe umetoka kwenye kundi la 0.5 au la 0.1, kwa hiyo mdukuzi hawezi kuyabagua makundi. Akizuia fotoni moja moja, kundi la 0.1 litaporomoka kuliko la 0.5, na Bakari ataona. Kwa kulinganisha makundi matatu tunapata kima cha chini cha fotoni moja moja zilizofika, na kima cha juu cha makosa yake. Ufunguo unajengwa juu ya hizo tu.

Sasa namba. Faiba ni km 50 kwa 0.2 dB (desibeli, kipimo cha upotevu: kila dB 10 inabakiza sehemu moja ya kumi ya mwanga) kila kilomita, yaani dB 10. Kisanduku cha Bakari, kwa maana ya modyuleta, kigawanyishi na viunganishi, kinakula dB 3. Vigunduzi ni viwili, diodi za InGaAs (nusu-kipitishi kinachohisi mwanga wa 1550) zilizopozwa hadi nyuzi −40 hivi, ufanisi 20%. Zidisha: 0.1 × 0.5 × 0.2 = 0.01. Fotoni moja kati ya 100 zinazotoka kwa Asha ndiyo inayomfikia Bakari na kusikika.

Asha anatuma mipigo milioni 100 kwa sekunde. Ya wastani wa 0.5 ni milioni 80, na kila mmoja una nafasi ya takriban 0.005 ya kukiliza kigunduzi: milio 400,000 kwa sekunde. Wote wawili wanachagua Z kwa 90% na X kwa 10%, kwa hiyo zinazolingana kwenye Z ni 81%, biti 324,000. Ufunguo unatoka Z. X ni ya kupimia makosa.

Chukua kiwango cha makosa cha 2%. Sehemu ya milio iliyotokana na fotoni moja moja ni 0.608. Makosa ya 2% yana entropia ya 0.141, yaani habari inayohitajika kuyasahihisha kwa kila biti. Kinachobaki kwa kila biti iliyochekechwa ni 0.608 × (1 − 0.141), ukitoa kilichovuja wakati wa kusahihisha makosa, 1.15 × 0.141. Jibu ni 0.36. Ile 1.15 ni ubora wa programu ya kusahihisha. Cascade au LDPC iliyotengenezwa vizuri hufika hapo au chini kidogo.

Kwenye karatasi, basi, 324,000 × 0.36 inatoa biti 116,000 za siri kwa sekunde.

#2 BiHesabu

Mkuu, uzi mzuri sana, ila hiyo 116,000 hutaipata kwa vigunduzi hivyo. Umesahau muda wa kupumzika.

Diodi ya InGaAs ikilia, elektroni hubaki zimenaswa kwenye kasoro za fuwele. Ukiiwasha tena haraka, zinaachiliwa na kukiliza bila fotoni yoyote. Ndiyo milio ya mwangwi, na inapandisha makosa vibaya kuliko milio ya gizani, ile inayotokea yenyewe bila mwanga wowote. Kwa hiyo kigunduzi kinazimwa kila baada ya mlio, na mikrosekunde 10 ni muda wa kawaida. Kigunduzi kinachopumzika mikrosekunde 10 hakiwezi kulia zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde hata ukimwangazia jua.

Na kuna jambo la usalama hapo. Ukiacha kila kigunduzi kipumzike kivyake, basi baada ya kigunduzi cha "0" kulia, kwa mikrosekunde 10 kinachoweza kulia ni cha "1" tu. Nyakati za milio zinatangazwa hadharani. Anayesikiliza akiona milio miwili ndani ya mikrosekunde 10, anajua biti hizo zinapingana. Ufunguo umevuja bila faiba kuguswa. Lazima vigunduzi vyote vizimwe pamoja kila kimoja kinapolia.

Rudia hesabu. Milio yote, pamoja na ya chambo, ni kama 415,000 kwa sekunde. Vikizimwa vyote kwa mikrosekunde 10, kinachopona ni 1 ÷ (1 + 4.15), yaani 19%. Biti zilizochekechwa zinashuka hadi karibu 63,000 na ufunguo hadi 22,600 kwa sekunde. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea bosi.

Kuna vigunduzi vya InGaAs vinavyofunguliwa mara bilioni moja kwa sekunde kwa dirisha fupi kuliko nanosekunde, na hivyo hunasa elektroni chache, kwa hiyo muda wa kupumzika unapungua sana. Bei yake inapanda kwa mwelekeo huo huo.

#3 MwangaMdogo

Umesema kweli dada, nimeikubali 22,600 na ndiyo tuendelee nayo. Bado ni funguo 88 za AES-256 (usimbaji wenye ufunguo wa biti 256) kila sekunde, ambazo ni nyingi kuliko mahitaji ya kiungo chochote cha ofisi kwa ofisi.

#4 Kifungo256

Swali kwa wote wawili. Kila mahali imeandikwa BB84 inavumilia makosa hadi 11%. Hapa naona mnaongelea 2% kana kwamba 5% ni balaa. Ipi ni sahihi?

#5 BiHesabu

11% ni ya uthibitisho wa Shor na Preskill wa mwaka 2000, na inahusu chanzo cha fotoni moja kamili, usahihishaji usiopoteza kitu, na ufunguo mrefu usio na mwisho. Weka masharti ya kiungo hiki: fotoni moja moja ni 0.608 tu, usahihishaji ni 1.15. Tukiita entropia ya makosa h, ufunguo unaisha pale 0.608 × (1 − h) inapolingana na 1.15 × h. Hiyo ni h = 0.346, na kosa linalotoa entropia hiyo ni karibu 6.5%.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kifaa akakuambia "kiko salama mpaka 11%", mwulize anatumia wastani gani wa fotoni kwa mpigo na usahihishaji wa ubora gani. Kwa 5% bado unapata kitu, lakini kidogo sana, na ukishaondoa posho ya takwimu huenda usipate chochote.

Posho ya takwimu ndiyo nini? Vima vyote vile vya fotoni moja moja tunavikadiria kutokana na sampuli, na sampuli ndogo ina wasiwasi mkubwa. Ukitaka nafasi ya kushindwa isiyozidi 10⁻¹⁰, bloku ya biti milioni 10 zilizochekechwa ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa biti 63,000 kwa sekunde, bloku inajaa ndani ya sekunde 159. Wakati huo mhimili X umekusanya biti 123,000 hivi, na hizo ndizo zinazokadiria makosa ambayo mdukuzi angeyasababisha. Ukipunguza bloku hadi biti 100,000 ili ufunguo utoke haraka, X inabaki na biti 1,200 tu. Kima cha juu cha makosa kinaruka, na mfumo ulioandikwa kwa uaminifu utakupa ufunguo mdogo sana au sifuri. Ukiona kifaa kinatoa ufunguo kwa bloku ndogo bila kupunguza kiwango, kuna mahali hesabu imerukwa.

Hatua ya mwisho ni kukaza siri, yaani kuufupisha ufunguo ili alichokijua mdukuzi kifutike. Baada ya kusahihisha, wanalinganisha heshi fupi ya biti 64 kuhakikisha bloku zinafanana kweli. Kisha bloku ya milioni 10 inazidishwa na matriksi ya Toeplitz yenye biti za nasibu zilizotangazwa wazi, inatoka bloku ya milioni 3 na kitu. Urefu wa kukata unatoka kwenye fomula ya #1 pamoja na posho. Ukikata kidogo mno, ulichobaki nacho kina madoa ya alichokijua mdukuzi. Bloku ikiwa kubwa hivi, zidisha kwa njia ya Fourier, la sivyo kompyuta itachelewa kuliko fotoni.

#6 Nguzo_na_Faiba

Niongeze upande wa faiba yenyewe, maana 0.2 dB kwa kilomita ni namba ya kwenye karatasi ya mtengenezaji.

Faiba iliyolazwa ardhini, yenye viungio vya kuchomea kila kilomita chache na paneli mbili tatu njiani, ihesabu kwa 0.25. Viunganishi vichafu ni adui wa kwanza: kimoja kinaweza kula dB 1, na kwenye kiungo hiki dB 1 ni karibu moja ya tano ya milio kabla ya muda wa kupumzika. Pima kwa OTDR (kifaa kinachoonyesha upotevu na kasoro kwenye faiba yote) kutoka pande zote mbili kabla ya kununua chochote.

Polaraizesheni ndiyo inayosumbua kuliko upotevu. Faiba ya kawaida haiitunzi. Kila kona, kila badiliko la joto linaizungusha. Iliyofukiwa inazunguka taratibu, na kidhibiti kinachojirekebisha kila baada ya sekunde chache kinatosha. Iliyotundikwa kwenye nguzo inacheza na upepo. Mbaya zaidi ni ile iliyomo ndani ya waya wa ardhi juu ya laini za umeme mkubwa, na huku kwetu sehemu kubwa ya faiba ndefu za bara imepita humo. Radi ikipiga laini, mkondo unaopita kwenye waya unaizungusha polaraizesheni ndani ya mikrosekunde. Hakuna kidhibiti cha injini kitakachoikimbiza. Kwenye njia ya namna hiyo achana na polaraizesheni, andika biti kwa awamu kati ya madirisha mawili ya muda. Madirisha hayo yamepishana kwa nanosekunde moja hivi, kwa hiyo yote mawili yanapatwa na mzunguko ule ule na tofauti ya awamu inabaki.

Saa nayo. Faiba ikipata joto, mwanga unachelewa kwa takriban pikosekunde 40 kwa kilomita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Km 50 zikipanda nyuzi 10 kati ya alfajiri na mchana, mpigo unafika nanosekunde 20 baadaye. Mipigo yenu imepishana nanosekunde 10. Bila kufuatilia kuchelewa huko, Bakari atakuwa anasoma mpigo wa namba nyingine kabisa, na makosa yatakwenda 50%. Ukiona makosa yameruka ghafla hadi 50% kamili, usiite usalama, ni saa.

Mwisho, vikuza mwanga. Kikuza mwanga hakipitishi ufunguo. Nadharia ya kutonakilika, ambayo Wootters, Zurek na Dieks waliichapisha mwaka 1982, inamhusu fundi wa mtandao kama inavyomhusu mdukuzi: kikuzaji kinatoa nakala chafu, na kelele yake inaua kila kitu. Kila penye kikuza, fotoni zipewe njia ya pembeni.

#7 Kifungo256

Je, lazima iwe faiba ya peke yake? Kukodi faiba nzima kwa ajili ya funguo ni gharama kubwa.

#8 Nguzo_na_Faiba

Inawezekana kuchanganya, ila uelewe unachopigana nacho. Chaneli ya data ya 0 dBm, yaani miliwati 1, ina fotoni kama quadrilioni 8 kwa sekunde. Kuichuja isimwagike ni kazi ya filta, na filta nzuri zipo. Kinachobaki ni mtawanyiko wa Raman: glasi yenyewe inageuza fotoni chache za data kuwa za rangi nyingine, na baadhi zinaangukia kwenye rangi yako hasa. Hizo filta haiwezi kuzitoa.

Njia ya kwanza ni kuhamishia fotoni za ufunguo kwenye nanomita 1310 na kuacha data 1550, ambapo Raman ni hafifu sana. Unalipa kwa upotevu: 0.35 dB kwa kilomita, km 50 zinakuwa dB 17.5 badala ya 10. Njia ya pili ni kubaki 1550, kupunguza nguvu ya data hadi kiwango cha chini ambacho kipokezi kinaweza kusoma, na kuweka filta nyembamba sana pamoja na dirisha fupi la muda. Kwa km 20 au 30 za mjini ya kwanza ni rahisi zaidi kuitunza.

#9 mkongo_wa_kati

Nina swali la umbali. Dar hadi Morogoro ni karibu km 190 kwa barabara. Inafika kwa mruko mmoja?

#10 MwangaMdogo

Kwa vigunduzi vya #1, haifiki. Km 190 kwa 0.2 ni dB 38. Ukiongeza kisanduku na ufanisi, inayofika ni fotoni 1.6 kati ya 100,000. Milio ya kweli ni 7.9 kwa kila mipigo milioni moja. Milio ya gizani, ukichukua 1 kwa milioni kwa kila kigunduzi, ni 2. Nusu ya hiyo ya gizani ni makosa. Jumla ya makosa inafika 11.7%, na BiHesabu ameonyesha tunakufa kwenye 6.5%. Ndivyo umbali unavyoua: ishara inaisha, kelele ya kigunduzi inabaki pale pale.

Badilisha vigunduzi uweke vya waya mwembamba wa kipitishi kikuu (kisicho na ukinzani wa umeme): ufanisi 80%, milio ya gizani mara 100 chini. Sasa inafika, kwa takriban biti 740 kwa sekunde, na bloku ya milioni 10 inajaa kwa saa 1 na dakika 20. Kwa faiba halisi ya 0.25 dB gawa kwa 9: biti 80 hivi kwa sekunde na bloku ya saa 12. Na vigunduzi hivyo vinafanya kazi kwenye kelvini 2 hivi, kwa hiyo unahitaji mashine ya kupozea kwa heli inayokimbia usiku na mchana, na umeme usiokatika.

Watu wengi kwa umbali huo wanaweka kituo cha kati. Chalinze ingekupa vipande vya km 105 na 85. Kipande kirefu, hata kwa 0.25 dB na InGaAs za kawaida, kinatoa kama biti 2,000 kwa sekunde. Kituo kina ufunguo K1 na Dar, na K2 na Morogoro. Kinatangaza K1 XOR K2 (biti zinazofanana zinatoa 0, zinazotofautiana zinatoa 1), na Morogoro, yenye K2, inapata K1. Ila elewa gharama yake: kituo cha Chalinze kinaujua ufunguo. Fizikia inalinda faiba. Chumba kile kinalindwa na kufuli, kamera na walinzi. Njia ya Beijing hadi Shanghai, zaidi ya km 2,000, imejengwa hivyo hivyo kwa vituo 32.

#11 mkongo_wa_kati

Na setelaiti? Nilisoma Afrika Kusini wamefanya.

#12 MwangaMdogo

Ndiyo mkuu. Setelaiti ndogo ya China, Jinan-1, iliunganisha Beijing na Stellenbosch, km 12,900, matokeo yakachapishwa mwaka 2025. Kituo cha ardhini kilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi, na katika mpito mmoja setelaiti ilifikisha zaidi ya biti milioni moja za siri. Kusini kule hawakuanza juzi; Durban ilikuwa na kiungo cha faiba cha aina hii kwenye uwanja wa Moses Mabhida wakati wa Kombe la Dunia la 2010. Anga haina dB 0.2 kwa kilomita, ndiyo maana umbali huo unawezekana. Lakini setelaiti ya namna hiyo inaushika ufunguo kama Chalinze tu, na mawingu yakitanda hupati kitu.

#13 FundiMwanga

Nimesoma yote, na naona mashambulio kwenye vifaa hayajaguswa. Hapo ndipo mifumo halisi imevunjwa.

Anza kwa Asha. Wastani wa 0.5 kwa mipigo milioni 100 kwenye nanomita 1550 ni pikowati 6.4, karibu −82 dBm. Mita za kawaida za mafundi wa faiba hazisomi huko. Pima kabla ya kififishaji: kama kififishaji ni cha dB 60 na kina cheti cha urekebishaji, soma −22 dBm upande wa ndani, Asha akiwa amewekwa atume mipigo ya 0.5 peke yake. Kosa la dB 1 kuelekea juu linakupa wastani wa 0.63, na hesabu yote ya fotoni moja moja inakuwa ya uongo bila kiwango cha makosa kubadilika hata kidogo. Rudia kipimo kila joto la chumba linapobadilika sana.

Leza iwashwe na kuzimwa kwa kila mpigo ili awamu ya kila mmoja iwe ya nasibu. Ukitumia leza inayowaka mfululizo na kuikata kwa modyuleta, mipigo inashikana awamu, Poisson haiko tena, na chambo kinapoteza maana.

Mdukuzi anaweza pia kutuma mwanga wake ndani ya kisanduku cha Asha na kusoma kinachorudi kutoka kwenye modyuleta. Weka vizuizi vya njia moja viwili au zaidi kwa mfululizo, filta ya rangi, na kihisi cha mwanga unaoingia. Jumla ya dB unazozuia iandikwe kwenye hati ya mfumo.

Kwa Bakari shambulio kubwa ni la kupofusha, lililoonyeshwa mwaka 2010 na kundi la Lydersen na Makarov kwa vifaa vilivyokuwa sokoni. Mwanga mkali wa mfululizo unaitoa diodi kwenye hali ya kuhisi fotoni moja na kuifanya diodi ya kawaida. Kisha mdukuzi anatuma mpigo wenye nguvu iliyopimwa: Bakari akichagua mhimili ule ule, nguvu yote inaangukia kigunduzi kimoja nacho kinalia, akichagua mwingine, nguvu inagawanyika na hakuna kinacholia. Mdukuzi anaujua ufunguo wote na makosa hayaongezeki. Fuatilia mkondo wa wastani wa kila diodi na ukate kiungo ukipanda, weka kihisi cha mwanga mlangoni, na jaribu mwenyewe kwa kukitia kifaa mwanga mkali kabla ya kukipokea kutoka kwa muuzaji.

Anayetaka kuondoa imani kwa vigunduzi kabisa, atumie itifaki ya Lo, Curty na Qi ya mwaka 2012: Asha na Bakari wote wanatuma, vigunduzi vinakaa katikati na vinaweza hata kuwa mikononi mwa adui. Ufungaji wake ni mgumu zaidi, kwa sababu fotoni kutoka leza mbili tofauti lazima zifike pamoja na zifanane rangi.

#14 Kifungo256

Sasa niseme upande wangu wa usimbaji. Mtandao wa mazungumzo ya wazi lazima uhakikiwe. Bila hivyo mdukuzi anakaa katikati, anakuwa Bakari kwa Asha na Asha kwa Bakari, na anapata funguo mbili safi zisizo na kosa. Uhakiki wa Wegman na Carter unafanya kazi bila kutegemea ugumu wa hesabu yoyote, ila unahitaji ufunguo mfupi walioupata kabla. Kwa hiyo siku ya kwanza mtu anasafiri na ufunguo mkononi. Baada ya hapo kila bloku inalipia uhakiki wa inayofuata kwa biti mia chache.

Na hiyo ni sababu mojawapo mamlaka kadhaa za usalama wa mtandao, NSA ya Marekani na NCSC ya Uingereza zikiwemo, hazipendekezi teknolojia hii kwa mifumo nyeti ya serikali zao, na zinaelekeza watu kwenye hesabu mpya zinazostahimili kompyuta za kwanta. Mojawapo, ML-KEM, ya kukubaliana ufunguo, ilitoka kama kiwango cha Marekani FIPS 203 Agosti 2024. Inakwenda kwenye intaneti yoyote, haina kikomo cha kilomita, haihitaji faiba ya peke yake. Kwa benki yenye matawi 200 jibu ni ML-KEM, sioni mjadala. Fotoni zina nafasi yake pale penye data inayotakiwa kubaki siri miaka 30, kwenye kiungo kimoja kati ya vituo viwili, ambapo hutaki anayenakili leo aje kufungua baadaye hesabu itakapovunjika.

#15 BiHesabu

Nakubaliana na wewe, na nasema zaidi: hata pale penye fotoni, usiache ML-KEM. Changanya zote mbili ndani ya kazi moja ya kuzalisha ufunguo, ili adui alazimike kuvunja zote.

#16 mkongo_wa_kati

Kwenye ruta inaingiaje kivitendo?

#17 Kifungo256

Kwa kiwango cha ETSI (shirika la viwango vya mawasiliano la Ulaya) GS QKD 014. Kila upande una seva ya funguo, na ruta inaongea nayo kwa HTTPS ndani ya chumba kile kile. Ruta ya Asha inaomba kwa `enc_keys`, inapewa ufunguo na namba yake. Inatuma namba tu kwa ruta ya Bakari. Ya Bakari inaomba kwa `dec_keys` ikitaja namba hiyo, inapewa ufunguo ule ule, kisha seva inaufuta. Ndani ya IPsec, yaani handaki lililosimbwa kati ya ruta mbili, ufunguo unaingizwa kwa kiwango cha intaneti RFC 8784, ambacho kinauchanganya na ule wa kawaida wa IKEv2, itifaki ambayo ruta hukubaliana nayo funguo za handaki.

Makosa yanayojirudia ni haya. Ruta inajaribu tena baada ya ombi kukatika, na seva inakataa kwa sababu namba imeshatumika. Fanya ruta iombe ufunguo mpya badala ya kurudia namba. Vyeti vya TLS kati ya ruta na seva vinaisha muda na hakuna aliyevifuatilia. Kubwa kuliko yote ni akiba ikiisha: faiba imekatwa na katapila, bloku hazijai, seva ni tupu. Ruta nyingi kwa mpangilio wa mwanzo zitaendelea na IKEv2 peke yake bila kumwambia mtu. RFC 8784 ina hali ya lazima; iwashe, ili ufunguo ukikosekana handaki lisiinuke kabisa, na uweke kengele akiba ikishuka chini ya matumizi ya saa 24. Ukibadilisha ufunguo wa AES-256 kila dakika, hiyo ni funguo 1,440, biti 368,640. Kiungo cha #1 kinazijaza kwa sekunde 17.